Majarida ya barua pepe ya waprogramu: tunajifunza, au tunapata habari tu?

Muulize mtu aliyebobea kwenye kutengeneza tovuti na programu, "Nifanyeje nisiachwe nyuma?" Mara nyingi jibu la kwanza litakuwa: jiandikishe kwenye majarida ya barua pepe. Atakutajia JavaScript Weekly, Frontend Focus, TLDR, Bytes, na akiwa mtu wa makampuni makubwa ataongeza The Pragmatic Engineer. Ushauri huu unatolewa kama mtu anavyokuambia unywe maji mengi. Hakuna anayeuliza maswali.

Katika makala hii nataka kuuliza. Tumezoea kuhakiki vitabu, filamu na muziki, lakini vitu tunavyovisoma kila wiki kwenye simu tunaviacha vipite tu. Majarida haya yanaamua mwanafunzi wa kompyuta ataona nini kuwa ni kipya, ataona nini kuwa ni cha zamani, na atatumia wapi saa zake chache za jioni. Kitu chenye nguvu hiyo kinastahili kukaguliwa, kisifiwe pale kinapofanya vizuri na kisemwe pale kinapopotosha.

Kwa nini yapo

Kwanza tuwe wakweli: kasi ya fani hii si mchezo. Lugha ya JavaScript, kupitia kiwango chake kiitwacho ECMAScript, inapata toleo jipya kila mwaka tangu 2015. Kivinjari cha Chrome kilianza mwaka 2021 kutoa toleo takriban kila wiki 4, na Firefox iliingia kwenye mwendo huo mwaka mmoja kabla. Node.js, inayowezesha JavaScript kufanya kazi kwenye seva, kwa miaka mingi ilizoea kutoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka, moja Aprili na lingine Oktoba. Hapo hujagusa React, Vue, Angular, wala maelfu ya maktaba ndogondogo zinazopakuliwa kupitia npm. Hakuna binadamu anayeweza kufuatilia yote haya na bado akafanya kazi, akala na akalala.

Ndiyo maana mwaka 2010 Mwingereza mmoja aitwaye Peter Cooper alianza kutuma barua pepe ya kila wiki yenye viungo vichache alivyovichagua mwenyewe. Alianza na Ruby Weekly, halafu JavaScript Weekly ikafuata mwaka huohuo. Baadaye kampuni yake, Cooperpress, ikazaa familia nzima: Node Weekly, React Status, Golang Weekly, Postgres Weekly, na HTML5 Weekly ambayo siku hizi inaitwa Frontend Focus. Mfumo ni mwepisi. Mhariri anasoma vitu vingi kwa niaba yako, anachagua vichache, anaandika sentensi mbili tatu kwa kila kimoja, anakutumia. Wewe unasoma kwa dakika kumi, unafungua viwili au vitatu vinavyokuhusu, basi.

Barua pepe kama chombo nayo ilichaguliwa kwa akili. Kanuni zake za msingi za kutuma ujumbe zilichapishwa mwaka 1982 na hazimilikiwi na kampuni yoyote. Mhariri ana orodha yake ya wasomaji, na akihama huduma moja kwenda nyingine anahama nayo. Linganisha na kurasa za mitandao ya kijamii, ambako una wafuasi elfu kumi lakini mwenye mtandao ndiye anayeamua wangapi waone ulichoandika. Au kumbuka Google Reader, programu iliyowakusanyia watu habari kutoka tovuti nyingi mahali pamoja. Google waliifunga Julai 2013, na mamilioni ya viungo vilivyokusanywa kwa miaka vikabaki bila nyumba. Barua pepe haifungwi namna hiyo.

Faida nyingine tunaijua vizuri sisi tunaonunua bando. Barua pepe ya maandishi ni nyepesi. Unaweza kuipakua ukiwa kwenye intaneti ya chuo na kuisoma baadaye ndani ya daladala bila mtandao kabisa. Video ya YouTube inayoeleza habari ileile ingekula bando la siku nzima.

Manne nimeyapima

Nimekuwa msomaji wa majarida haya kwa muda, na ninayaweka hapa kwa mpangilio wa ubora kama ninavyouona mimi.

JavaScript Weekly ndiyo kipimo cha wengine. Habari kubwa inakaa juu, kisha vinafuata vifupi, matoleo mapya, makala za mafunzo, na mwisho zana. Kuna mambo mawili yanayoliheshimisha. La kwanza, kila kiungo kina jina la mwandishi au taasisi pembeni yake, kwa hiyo unajua nani anasema kabla hujabofya. Ukiona anayeisifu maktaba ni yuleyule aliyeitengeneza, unasoma kwa tahadhari. La pili, mhariri anapenda kukupeleka kwenye chanzo chenyewe: tangazo la timu iliyotengeneza kitu, wala si makala ya mtu wa tatu aliyelisoma tangazo hilo. Hiyo ni tabia ya kitafiti, na sisi tulioko shahada za juu tunaijua thamani yake. Sentensi zake ni fupi, hazina kelele, na mara nyingine zina mzaha mdogo wa mtu aliyeona vitu vingi vikija na kuondoka.

The Pragmatic Engineer ya Gergely Orosz, aliyewahi kuwa mhandisi na meneja Uber, ni kitu cha aina nyingine. Ilianza mwaka 2021. Hapa hupati orodha ya viungo, unapata insha ndefu: kampuni fulani inajengaje mifumo yake, wahandisi wanapimwa vipi, ajira zinaelekea wapi. Kwa kina inawashinda wote. Tatizo ni mbili. Sehemu kubwa ya insha hizo ni za kulipia, tena kwa dola, na mwanafunzi asiye na kadi ya benki inayokubali malipo ya nje anabaki mlangoni. Halafu dunia inayoelezwa ni ya kampuni zenye wahandisi mia au elfu. Ukiwa wewe na mwenzako mmoja mnatengeneza mfumo wa hospitali ya wilaya, utajifunza mengi ya kuvutia na machache ya kutumia Jumatatu asubuhi.

Bytes, ya watu wa ui.dev, inajaribu kuchekesha. Kwa kweli inachekesha, kama umekulia kwenye vipindi vya televisheni vya Marekani. Kama hukukulia huko, nusu ya utani inapita juu ya kichwa na habari yenyewe inafichwa nyuma ya utani huo, ukaanza kujiuliza kama umekosa JavaScript au umekosa kichekesho. Lakini lina kitu kimoja ambacho majarida mengine hayana: linakupa kipande cha msimbo chenye kosa na kukuambia ulitafute, jibu liko chini. Dakika hizo mbili unazokodolea macho mistari minane ya msimbo zina faida kuliko viungo vyote vilivyobaki, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo msomaji anafanya kazi.

TLDR iliyoanzishwa na Dan Ni mwaka 2018 ndiyo inayonipa shida zaidi, na pengine ndiyo inayojulikana zaidi. Inakuja kila siku ya kazi. Kila habari imeandikiwa itachukua dakika ngapi kusoma, halafu inafupishwa kwa aya moja. Makampuni makubwa, sayansi, programu, vyote ndani ya sahani moja. Ni pilau la harusi: unakula kwa haraka, unashiba, na jioni hukumbuki ulikula nini. Siwalaumu kwa kufupisha, maana hata jina lao linasema wanafupisha. Ninachokilaumu ni kwamba muhtasari umeandikwa vizuri kiasi cha kukufanya uhisi umeshajua. Soma aya moja kuhusu namna mpya ya kuhifadhi data, halafu funga simu ujaribu kumweleza mwenzako inavyofanya kazi. Utaishia kwenye "yaani ni kama… ina kasi zaidi."

Upya si ubora

Hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa, na linayagusa yote manne.

Jarida la kila wiki lazima lijazwe kila wiki. Hakuna mhariri anayeweza kuandika, "Wiki hii hakuna kilichobadilika, endelea na ulichokuwa unafanya." Matokeo yake ni kwamba kinachopata nafasi ni kipya, na msomaji mchanga anaanza kuamini kwamba kinachotajwa ndicho kinachotumika. Si kweli hata kidogo.

Chukua jQuery. Ni maktaba ya mwaka 2006. Kwenye majarida haya ikitajwa ni kwa heshima ya mzee aliyestaafu. Lakini takwimu za W3Techs, wanaochunguza tovuti zinatumia nini, zimeendelea kuonyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya tovuti wanazozichunguza zina jQuery ndani yake. PHP nayo iko kwenye kiwango hichohicho upande wa seva, na WordPress peke yake inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti hizo. Sasa nenda mitaa ya Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi ukaulize ofisi ndogo za teknolojia wanatengenezea nini tovuti za shule, za saccos na za hoteli. Utasikia WordPress, PHP na Laravel. Mwanafunzi aliyejifunza kupitia majarida tu anaingia ofisini akiwa anajua majina ishirini ya vitu ambavyo bosi wake hajavisikia, na hajui kusoma msimbo ambao ndio unaolipa mishahara.

Mfano wa pili ni AngularJS, fremuweki ya Google iliyotoka mwaka 2010. Ilipambwa sana. Septemba 2016 ikaja Angular 2, ambayo ilikuwa imeandikwa upya kiasi kwamba programu za zamani hazikuweza kuhamia bila kufumuliwa. Matunzo ya ile ya kwanza yakakoma mwisho wa 2021. Kwa msomaji wa habari, hayo ni matukio mawili ya kusisimua, toleo jipya na mwisho wa enzi. Kwa aliyekuwa na mfumo wa kampuni juu yake, ni miaka ya kazi ya kuhamisha. Jarida linaripoti harusi. Maisha ya ndoa yana watu wengine wanaoyabeba.

Mfano wa tatu ni wa CSS, na huu naupenda kwa sababu unaonyesha urefu wa safari kati ya "imetoka" na "tumia". Kwa miaka mingi watengeneza tovuti walitamani kiteuzi kinachoweza kuangalia ndani: nipe mtindo kwa kisanduku hiki *iwapo* ndani yake kuna picha. Kikaja kiteuzi kiitwacho `:has()`. Safari ilikiweka Machi 2022, Chrome Agosti 2022, shangwe zikaanza. Firefox ilikifikia Desemba 2023. Yaani karibu miezi 21 kati ya kivinjari cha kwanza na cha mwisho kati ya vile vikubwa.

Na hata hapo safari haijaisha. Chrome ya simu inajisasisha, lakini kuna mahali inaishia: toleo la 119 lilikuwa la mwisho kwa simu za Android 7. Mwenye simu hiyo, na wapo wengi wanaonunua simu zilizotumika Kariakoo, amebaki hapo. Kuna pia wanaotumia Opera Mini kwa kubana bando. Katika hali yake ya kubana zaidi, ukurasa unatayarishwa kwanza kwenye seva za Opera, na sehemu kubwa ya JavaScript yako haiendeshwi kwenye simu ya mtumiaji kama ulivyotarajia. Mhariri aliyeko Uingereza hawezi kulaumiwa kwa kutowaona watu hawa. Wewe unayeandikia tovuti ya mkopo wa wakulima unalaumiwa.

Wiki ni ndefu mno kwa jambo la dharura

Kuna upande wa pili wa kasi. Kwa habari nyingi, wiki ni haraka kupita kiasi. Kwa habari chache, wiki ni kuchelewa kabisa.

Alhamisi ya tarehe 9 Desemba 2021 ilijulikana hadharani kwamba Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, ina tundu linalomruhusu mshambuliaji kuendesha msimbo wake kwenye seva ya mtu kwa kutuma tu maneno fulani. Siku hiyohiyo watu wakaanza kulijaribu kwenye seva za watu. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux, mtu amepandikiza mlango wa siri. Freund alianza kushuku baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya ssh kumechelewa kwa karibu nusu sekunde. Nusu sekunde!

Sasa fikiria jarida linalotoka kila Ijumaa. Jambo likilipuka Ijumaa mchana, msomaji anayetegemea jarida peke yake anakaa siku saba na mlango wazi. Sisemi wahariri wamezembea, nasema chombo chenyewe hakikujengwa kwa kazi hiyo. Tahadhari za usalama zinatakiwa zije kutoka kwenye zana zinazokagua mradi *wako*: amri ya `npm audit`, au huduma kama Dependabot ya GitHub inayokutumia onyo maktaba uliyoitumia ikipatikana na kasoro. Kizuri cha onyo hilo ni kwamba haliji kama halikuhusu.

Nani analipa?

Mengi ya majarida haya ni bure, na hakuna ubaya kuuliza mchele unatoka wapi. Unatoka kwa wadhamini. Kati ya viungo vya mhariri kuna viungo vilivyonunuliwa, kutoka kwa kampuni za seva, za hifadhidata, za kupima programu, na siku hizi za akili mnemba. JavaScript Weekly na TLDR huandika wazi kuwa hiki ni cha mdhamini, na kwa hilo wanastahili pongezi. Lakini kiungo cha kulipiwa kimeandikwa kwa umbo lilelile la viungo vingine, na jicho linalopita haraka kwenye simu halisimami kusoma neno moja dogo.

Shida kubwa zaidi haiko kwenye tangazo lenyewe. Iko kwenye kisichoweza kupata mdhamini. Kuna kampuni italipa ili ujue zana mpya ya kupeleka programu kwenye seva. Hakuna kampuni itakayolipa ili uambiwe kwamba ukurasa wako wa taarifa tatu hauhitaji fremuweki yoyote, kwamba HTML ya kawaida inatosha. Ushauri wa kupunguza hauna mnunuzi, kwa hiyo hata mhariri mwaminifu anafanya kazi kwenye soko ambalo muda wote linasukuma upande wa kuongeza.

Na wewe pia unahesabiwa. Barua nyingi za aina hii zina kipicha kisichoonekana kinachomjulisha mtumaji kwamba umefungua, na viungo vyake vinapitia kwanza kwenye seva ya kuhesabu kabla ya kukufikisha unakokwenda. Mwaka 2021 Apple waliweka kinga kwenye programu yao ya barua inayopakua vipicha hivyo hata kama hujafungua, na hesabu za nani kafungua zikawa hazina uhakika. Mimi naona ilikuwa hatua nzuri. Mhariri akikosa hesabu hizo atalazimika kusoma majibu ya wasomaji, kama zamani.

Nitaje na kichekesho kimoja cha kiufundi. Majarida yanayotangaza uzuri wa CSS mpya yenyewe yamejengwa kwa majedwali ya HTML, mbinu ya miaka ya tisini! Sababu ni kwamba Outlook ya Windows, kuanzia toleo la 2007, ilitumia injini ya Word kuchora barua, na Word haielewi mbinu nyingi za kupanga ukurasa. Gmail nayo hukata barua ikizidi takriban kilobaiti 102. Kwa hiyo waandishi wa habari za kisasa kuliko zote wanaandika kwa vifaa vya kale, barua inakuwa nyepesi, inafunguka kwenye kila simu, na hakuna anayelalamika. Ukitaka somo moja la utengenezaji wa tovuti kutoka kwenye majarida haya, umbo lake ni somo kuliko viungo vyake.

Kinachopotea

Kwa nini nasema yote haya kwa uzito? Kwa sababu naona athari yake maabara. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaanza mradi kwa React. Wiki ya nne anasoma kwamba kuna kitu kipya chenye kasi zaidi, anaanza upya. Wiki ya nane tena. Siku ya kuwasilisha anaonyesha ukurasa wa kuingia wenye rangi nzuri, na hifadhidata haijaunganishwa. Ukimuuliza kuhusu fremuweki tatu anazilinganisha kama mchambuzi wa mpira. Ukimuuliza ombi la HTTP lina sehemu gani, anatazama chini. Kijana huyu si mvivu wala hana upungufu wa akili. Amesoma sana, ila alichosoma ni habari.

Habari na ujuzi vina umri tofauti. Misingi ya hifadhidata za mahusiano iliandikwa na Edgar Codd mwaka 1970, na SQL ilizaliwa miaka ya sabini hiyohiyo. Bado ndiyo utakayoikuta ofisini. HTTP ilianza na Tim Berners-Lee pale CERN mwanzoni mwa miaka ya tisini, na bado kila fremuweki inayotajwa Ijumaa hii inasimama juu yake. Saa moja uliyotumia kuelewa vitu hivi inakulipa miaka ishirini. Saa uliyotumia kujua toleo la 14.2 lina nini inakulipa mpaka litoke la 14.3.

Halafu kuna lugha na mahali. Majarida yote niliyoyataja yako kwa Kiingereza, na maswali yake ni ya huko yaliko. Hutakuta humo namna ya kupanga menyu ya USSD ili mtumiaji asikatiwe kabla hajamaliza, wala nini cha kufanya malipo ya simu yakikubaliwa upande wa mtandao na jibu lisifike kwenye seva yako. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, watengenezaji wetu wana uzoefu wa karibu miongo miwili wa tatizo hilo, na uzoefu huo uko kwenye vichwa na kwenye makundi ya WhatsApp, ambako baada ya miezi miwili hakuna anayeweza kuutafuta akaupata. Peter Cooper hatatuandikia hayo. Ni yetu kuandika.

Basi tufanyeje?

Sisemi ujiondoe kwenye yote. Hukumu yangu ni hii: chagua jarida moja la kila wiki linalokupeleka kwenye vyanzo, na kwa anayeanza na JavaScript sijaona linaloishinda JavaScript Weekly. La kila siku achana nalo mpaka siku utakapolipwa kwa kujua habari. Soma vichwa vyote, fungua viungo visivyozidi viwili, na kwa kila ulichofungua andika mistari mitatu kwa Kiswahili: kinatatua tatizo gani, kabla yake watu walifanyaje, na je, kinafika kwenye simu ya mteja wako. Ukishindwa kuandika mstari wa pili, hicho ndicho cha kwenda kusoma, na utakisoma kwenye kitabu au kwenye nyaraka za MDN, si kwenye toleo la wiki ijayo.

Tahadhari za usalama ziachie zana zako. Mradi wa shahada uache na fremuweki uliyoanza nayo mpaka siku ya kuwasilisha.

Na kama mko watatu au wanne chuoni kwenu, anzisheni jarida lenu la mwezi. Viungo vitano vinatosha: kimoja kipya, kimoja cha zamani kilichodumu, kimoja cha usalama, na viwili vya matatizo ya hapa kwetu yaliyotatuliwa na watu wa hapa, hata kama "kiungo" chenyewe ni maelezo mliyoyaandika baada ya kumhoji fundi mmoja kwa nusu saa. Tumeni kwa maandishi matupu, bila kipicha cha kuhesabu. Wasomaji thelathini wanaowajibu ni wengi kuliko elfu tatu wanaofungua na kufunga.